Jike kipara, dume kanyamaza: finchi wanaponyonyoka manyoya

"Habari dokta. Nipo Mwanza, Pasiansi. Nina ndege sita wadogo wa tunduni, zebra finchi, madume matatu na majike matatu, nilianza na wawili mwaka juzi wakazaana. Wote wanakaa tundu moja barazani upande unaoangalia ziwa. Tangu masika yaishe wananyonyoka manyoya hovyo, kila asubuhi nafagia kama nimechinja kuku. Dume mkubwa alikuwa anaimba kutwa nzima sasa kanyamaza kabisa. Jike mmoja kichwani na nyuma ya shingo pamebaki ngozi tupu, kipara, na huyo huyo ndo anataga mfululizo, viota vipo viwili humo ndani. Chakula nawapa ulezi mkavu na maji. Jirani kasema ni utitiri niwapake ule unga wa kuku, dukani wameniuzia antibayotiki ya kuku ya kuchanganya kwenye maji, mtu mwingine kaniambia ivermectini. Sijawapa chochote bado, naogopa. Taa ya barazani inawaka mpaka saa sita usiku kwa ajili ya usalama. Mwanangu wa miaka tisa anaokota manyoya anayabandika kwenye daftari huku analia, anasema watakufa. Je ni ugonjwa? Na niwape dawa gani kati ya hizo?"

Dada yangu, pole, na hongera pia, maana kwa kuogopa kwako hujawapa chochote na mpaka sasa hilo ndo jambo zuri kuliko yote uliyoyaandika hapo. Kwenye hiyo orodha ya dawa tatu hamna hata moja ya kuwapa leo, na nitaeleza kwa nini. Ila kabla ya dawa kuna kitu nataka ukione, kwamba humo kwenye tundu lako una mambo mawili tofauti na wewe na jirani yako mmeyafunga kwenye kifurushi kimoja. Ndege watano wanabadilisha manyoya, hilo ni la kawaida ingawa kwako limekuwa gumu kuliko inavyotakiwa. Huyo jike kipara ni kesi nyingine kabisa. Ukiwatibu wote kama kitu kimoja utakosea kwa wote.

Tuanze na hao watano. Unyoya ukishamaliza kuota ni kitu kilichokufa, kama kucha yako ilivyo kwenye ncha, haujirekebishi. Unachomwa na jua, unasuguliwa na waya za tundu, unavunjika vunjika, na ndege hawezi kuushona. Kwa hiyo mwili unaamua kuutoa na kuweka mpya, na mpya huo unaotea kwenye kishimo kile kile cha zamani, unausukuma wa zamani unadondoka. Ule unaokuja unatoka umeviringishwa ndani ya mfuko mgumu kama mwiba mdogo, na ndani ya huo mwiba kuna damu inayoulisha mpaka ukomae. Ukikomaa damu inarudi, mfuko unakauka na kupasuka, ndege anautafuna na kuukung'uta, unabaki unga mweupe chini ya tundu na kwenye mgongo wake kama mba. Sasa watu wengi wakiona huo unga mweupe ndo hapo wanapopiga kelele utitiri! Sio utitiri, ni maganda ya manyoya mapya, na kwa kweli ni habari njema.

Utajuaje ni kubadilisha manyoya kwa kawaida na sio ugonjwa? Angalia pande mbili. Mabawa na mkia vinabadilika kwa jozi, unyoya wa kulia ukitoka na mwenzake wa kushoto unatoka siku za karibu karibu, ndo maana ndege mzima bado anaruka, hayumbi upande. Mwilini anaonekana mchafu mchafu, amechakaa, ana vimiba vinachomoza kichwani na kifuani, lakini huoni ngozi tupu eneo kubwa. Anakula, tena anakula zaidi ya kawaida, analala zaidi mchana, anajikuna, na kelele zinapungua. Kwa hiyo huyo dume wako kunyamaza kama hamna dalili nyingine usimhesabie ugonjwa. Hana nguvu za kutongoza mtu saa hizi, nguvu zote zipo kiwandani.

Na kiwanda hicho kina gharama kubwa, hapa ndo penye shida yako. Unyoya karibu wote ni protini, asilimia 90 hivi, ile protini inayoitwa keratini ambayo ndo hiyo hiyo ya kucha na nywele zetu, na ili itengenezwe inataka vipande fulani vya protini vyenye salfa ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe kwa wingi, lazima vitoke kwenye chakula. Halafu huku anajenga huko anapoteza joto maana koti limetoboka, kwa hiyo anachoma chakula zaidi kujipasha. Sasa ndege wa gramu 12 hivi, uzito wa kijiko cha mezani cha sukari, anafanya kazi yote hiyo kwa ulezi mkavu na maji. Ulezi ni chakula kizuri sana kwa nguvu lakini protini yake ni ndogo, hata asilimia 10 haifiki. Ni sawa na fundi umempa mchanga na maji ya kutosha, saruji hamna, halafu unashangaa ukuta haupandi. Hatakufa kesho, ila ataanza kuotesha manyoya dhaifu yenye mistari myembamba iliyokatisha, yanayovunjika mapema, na kazi ya wiki chache inakuwa ya miezi.

Kuhusu muda niseme ukweli, zebra finchi sio kama ndege wa Ulaya wanaobadilisha mara moja kwa mwaka wakamaliza. Asili yao ni sehemu kavu za Australia, kule mvua hainyeshi kwa kalenda, kwa hiyo wao wamezoea kuzaa mvua ikija na mbegu za nyasi zikiwa nyingi, na mabawa yao wanayabadilisha taratibu taratibu miezi mingi, wakati mwingine huku wanazaa. Ule mwagiko mkubwa wa mwilini unaokufanya ufagie kila asubuhi ndo wa kuhesabu, huo ndani ya wiki sita hadi nane unatakiwa uwe umetulia kama mazingira ni mazuri. Ndege wa nchi za kaskazini wanaongozwa na urefu wa mchana, lakini sisi hapa Mwanza tupo karibu kabisa na ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki hata nusu saa. Kwa hiyo huku ndege wanasoma zaidi mvua, chakula, na kama wanazaa au wamepumzika. Masika yameisha, kiangazi kimeingia, wanataka kupumzika wajenge manyoya. Ila kwako kuna viota viwili vinawaambia zaeni na taa inawaambia bado mchana mpaka saa sita za usiku. Mwili unapokea amri mbili zinazopingana.

Kwa hiyo leo hii hii, kabla hujanunua chochote, toa viota. Vyote viwili, na nyasi zote na pamba na kila kitu laini wanachoweza kujengea. Kama kuna vifaranga subiri mpaka wajitegemee kula, wiki tano sita hivi toka waanguliwe, lakini kama ni mayai tu toa. Najua inauma. Jike anaweza kudondosha yai moja au mawili chini baada ya hapo, usishtuke, ataacha. Na viota vitoke kabla hujaanza kuwapa mayai ya kuku kula, hapo usigeuze mpangilio, maana chakula chenye protini nyingi kinawaambia finchi kwamba mvua nzuri imekuja, ukikiweka na kiota kipo umewaongezea moto wa kutaga badala ya manyoya. Nimeona watu wengi wanakosea hapo, wananiambia dokta nimewalisha vizuri mbona ndo wanazidi kuchakaa.

Na taa, najua ya usalama huwezi kuizima, sikuambii ulale gizani wezi waje. Funika tundu saa moja jioni kwa kanga nzito au shuka jeusi pande tatu na juu, acha upande mmoja usioangalia taa upitishe hewa, au kama chumba kipo waingize ndani usiku kwenye chumba kisicho na televisheni. Wanataka giza la saa 11 au 12 na utulivu. Ndege mdogo akikatishwa usingizi mwezi mzima hamna chakula kitakachofidia.

Sasa chakula. Chemsha yai la kuku dakika 10 hadi 12 liive kabisa, lioshe, liponde na ganda lake limesagwa laini kabisa, maana ganda ndo kalsiamu yenyewe na majike wako wameshajikausha kwa kutaga. Kwa ndege sita vijiko viwili vya chai kwa siku vinatosha, weka asubuhi kwenye kifuniko cha chupa au kisahani, baada ya saa mbili au tatu toa lililobaki utupe, kwa joto letu yai linaharibika haraka na yai bovu litaua ndege ambao manyoya yasingewaua. Lile ambalo hukuwawekea, la kwenye bakuli, weka friji hadi kesho. Siku mbili za kwanza hawatagusa, watalikodolea macho kama umewawekea nyoka, finchi ni waoga wa chakula kipya kweli kweli, nyunyizia ulezi juu yake wataanza kwa kudonoa ulezi na kuonja yai kwa bahati mbaya. Usikate tamaa ile siku ya pili. Wape kila siku wakati huu wa manyoya, wakishamaliza rudisha iwe mara mbili kwa wiki.

Umekaa mji wa dagaa, kwa hiyo utaniuliza na dagaa je. Inawezekana, ila kidogo na kwa masharti. Tafuta waliokaushwa kwenye vichanja au nyavu, sio wale wa mchangani, na wawe wakavu kweli, wasiwe na harufu ya ukungu, wasiwe na chumvi. Toa vichwa, kaanga kidogo bila mafuta, twanga, chekecha, na ule unga laini nyunyizia kama unavyonyunyizia pilipili kwenye yai, basi. Yai ndo mlo, dagaa ni kiungo. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua hao ni bora zaidi kwa sababu ni wadudu na ndege anawatambua kama chakula, watoe mabawa uwape wadogo au uwakate. Senene mmh, senene wale wewe mwenyewe, kwa finchi ni mkubwa mno na kama ameshakaangwa kwa chumvi ndo kabisa usimpe.

Kitu kingine cha bure ni kimea. Unajua kuotesha ulezi wa togwa, basi ni hivyo hivyo, loweka usiku, asubuhi suuza, acha kwenye chujio ukisuuza mara mbili tatu kwa siku mpaka kichipukizi cheupe kianze tu kuchungulia, kisimee kikawa kirefu. Suuza mara ya mwisho, kausha kwa kitambaa, wape. Ukinusa uchachu au ukiona utelezi tupa wote. Changanya pia uwele na ulezi wao wa kila siku, uwele una protini zaidi. Majani ya sukuma wiki au mchicha kidogo, vipande vya tango, na nyasi zenye mbegu bado mbichi ukizipata mahali pasipopigwa dawa wala pasipo pembeni mwa barabara, watazipenda kuliko vyote. Parachichi usiwape hata kidogo, ni sumu kwa ndege.

Maji ya kuoga sikuona umeyataja. Weka bakuli fupi la maji ya kina cha kidole kimoja kila siku saa nne mpaka saa nane hivi, wakati jua limepanda, halafu litoe. Kuoga kunalainisha ile mifuko migumu ya manyoya mapya ipasuke vizuri na kunapunguza muwasho. Jioni wasioge, usiku wa miezi hii ya Juni na Julai ni wa baridi kwa ndege mwenye koti lenye matundu.

Na hapo barazani mnapoangalia ziwa, pazuri kwa binadamu kunywa chai, lakini upepo wa ziwa unavuma mchana wote moja kwa moja kwenye tundu, na zile dhoruba za alfajiri usiseme. Sogeza tundu kwenye kona yenye ukuta nyuma na ubavuni, jua la asubuhi liwafikie kidogo wakiwa na kivuli cha kukimbilia. Jiko la mkaa lisiwashwe karibu nao, na dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza isikaribie kabisa, mapafu ya ndege yameungana na mifuko ya hewa mwilini mwote, moshi unaokukera wewe kidogo unamuua yeye. Kama mbu ni wengi funika tundu kwa kipande cha chandarua cha kawaida kisicho na dawa, tena hiyo ni faida mara mbili maana mbu ndo wanaoeneza ndui ya ndege. Na kuku wa mtaani wasipite chini ya tundu, kideri hakichagui.

Haya, tuje kwa jike kipara.

Ndege hawezi kujifikia kichwani kwa mdomo wake mwenyewe. Fikiria hilo vizuri. Kichwa na nyuma ya shingo vikiwa vipara na sehemu nyingine ni nzuri, basi ama anajisugua na kujikuna kwa miguu, ama ngozi ina tatizo, ama kuna mwenzake anamnyonyoa. Kwa tundu lenye ndege sita, viota viwili na madume matatu yanayotafuta vitu laini vya kutandika, mimi kesi yangu ya kwanza naipeleka kwa mwenzake. Dume hung'oa manyoya ya jike wake na kuyatandika kiotani, na tundu likiwa dogo, tuseme urefu wake haufiki mita moja, wanyonge wananyonyolewa na wengine pia kwa sababu hawana pa kukimbilia.

Na shahidi unaye, ni mwanao. Lile daftari lake la manyoya naomba usilitupe, lifungue mkae nalo wote wawili. Unyoya uliodondoka wenyewe ni mzima kuanzia ncha mpaka mwisho, na kile kijiti chake chini ni kikavu, cheupe, kitupu ndani. Unyoya uliong'olewa ukiwa bado unaota kijiti chake ni cheusi au chekundu, kina unyevu wa damu. Unyoya uliotafunwa umekatika katikati. Watoto wakiokota wanaokota vyote bila kuchagua, ndo maana ushahidi wao huwa mzuri. Mwambie tu anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza.

Halafu mshike huyo jike mara moja tu, asubuhi, kwa upole, umwangalie ngozi kwenye mwanga. Ukiona vimiba vidogo vidogo vinachomoza kama ndevu za siku mbili, manyoya yanakuja, mwache. Ukiona ngozi laini safi haina kitu chochote, ni kunyonyolewa au mwili umechoka. Ukiona magamba, ukoko mweupe mweupe kuzunguka mdomo na macho au miguuni, hapo ndo utitiri wa ngozi na hapo daktari anahitajika. Usimshike shike kila siku, na usiguse hivyo vimiba kwa kucha ukidhani unamsaidia, vina damu na vina maumivu.

Kumthibitisha mwizi, weka wavu katikati ya tundu, jike upande wake peke yake lakini anawaona na kuwasikia wenzake, ukimtoa kabisa chumba kingine atapata msongo maana finchi hawajui kuishi peke yao. Mpe wiki tatu, na chakula kile kile cha yai. Kama kipara kinaanza kuota vimiba huko alikotengwa, umeshapata jibu na halikugharimu dawa hata ya mia tano. Kama wiki nne zimepita ngozi bado tupu na anakula vizuri, basi kuna jambo la ndani na aonwe.

Niseme na hili ingawa hukuuliza: hao sita wametoka kwa wawili, kwa hiyo huenda wanaozaana sasa ni kaka na dada, au baba na binti. Vizazi viwili vitatu vya hivyo unaanza kupata vifaranga dhaifu na manyoya mabovu. Madume na majike tenganisha sasa hivi kabisa wakati wanapumzika, na ukija kutaka kuzalisha tena badilishana ndege na mfugaji mwingine. Ila badilishana na mfugaji kweli, sio vijana wanaouza ndege wa porini waliowanasa, kunasa ndege pori kunataka kibali, na wale wanakuja na utitiri na magonjwa yao.

Sasa zile dawa. Antibayotiki inaua bakteria, na kubadilisha manyoya sio bakteria, kwa hiyo hamna inachotibu hapo. Itaharibu tumbo lake, na kama ni ile ya jamii ya tetrasaiklini inashikana na kalsiamu, ile ile kalsiamu unayohangaika kumpa jike kwa maganda ya mayai. Irudishe dukani au itunze mbali. Unga wa kuku ni sumu ya wadudu iliyopimwa kwa kuku wa kilo mbili, finchi anajipanga manyoya kutwa nzima, utakuwa umemlisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Ivermectini ndo hadithi ndefu kidogo kwa sababu yenyewe kweli inatumika kwa ndege wenye utitiri, hata mimi naitumia. Lakini ile chupa ya asilimia moja inayouzwa maduka ya mifugo ni ya ng'ombe, mililita moja ni kwa kilo 50. Piga hesabu na ndege wa gramu 12: hiyo mililita moja inatosha finchi zaidi ya elfu nne. Tone moja tu ambalo wewe unaliona dogo ni dozi ya ndege mia mbili. Inatakiwa izimuliwe na kupimwa na mtu mwenye vifaa, halafu inadondoshwa kwenye ngozi ya nyuma ya shingo, na kabla ya hapo uwe na uhakika utitiri upo.

Uhakika huo unaupata nyumbani. Kuna utitiri unaoishi kwenye nyufa za tundu na vijiti, mchana unajificha, usiku unatoka kunyonya damu. Funika tundu usiku kwa shuka jeupe, alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri liangalie kwa tochi ya simu, pitisha na kitambaa cheupe chini ya vijiti wanavyolalia. Ukiona vidoto vyekundu au vyeusi vinatembea na ukivibonyeza vinaacha damu, upo. Basi hamisha ndege, mwagia tundu maji yanayochemka, sugua nyufa zote, choma vijiti vya zamani na viota vyote, anika juani siku nzima, rudia baada ya siku tano sita maana mayai yanaanguliwa. Hiyo peke yake inamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Usipoona kitu usiku tatu mfululizo, mwambie jirani asante.

Kuna mwingine atakuja kukuambia weka chumvi yenye madini joto kwenye maji, maana manyoya yanaendeshwa na homoni za tezi ya shingo na tezi inataka madini joto. Sehemu ya kwanza ya maelezo ni kweli, homoni hizo zinahusika. Lakini usiweke chumvi kwenye maji yao, yai unalompa lina madini joto yake tayari.

Lini uache kusoma majibu ya watu kama mimi na umpeleke? Akijikunja amevimba manyoya kama mpira kutwa nzima na macho yanafumba, akikaa chini ya tundu badala ya kijiti, mkia ukipiga juu chini kila anapopumua, akipumua mdomo wazi au ukisikia kama sauti ya kubofya bofya usiku, mfupa wa kifua ukiusikia mkali kama kisu, au jike akiwa chini amevimba tumbo anajikamua na yai halitoki. Huyo wa yai ni suala la saa, sio siku, mweke mahali pa joto na giza na uondoke naye. Ndege mdogo asipokula siku nzima hana akiba. Na unyoya mchanga ukivunjika ukatoa damu bonyeza kwa unga wa wanga wa mahindi na pamba dakika mbili tatu bila kuachia, damu yake yote mwilini haifiki hata nusu ya kijiko cha chai kwa hiyo usiseme itakauka yenyewe.

Kwa hapo Mwanza anza na daktari wa mifugo wa manispaa yako, Ilemela, na muulize kwanza kama amewahi kushika ndege wadogo, usione aibu kuuliza. TVLA, yaani wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ina kituo hapo Mwanza, kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo safi na huo ukoko wa ngozi kama upo vinaweza kupimwa. Mbebe kwenye boksi dogo lenye matundu, lenye kitambaa chini, lifunikwe, sio kwenye tundu kubwa anapigapiga kuta njia nzima kwenye daladala. Beba na daftari la mtoto.

Ukianza leo, wiki ya kwanza hutaona kitu na utafagia vile vile, labda hata zaidi. Wiki ya tatu utaanza kuona vimiba vinapasuka na ule unga mweupe unaongezeka. Dume ataanza kwa kukohoakohoa wimbo nusu nusu asubuhi, kama redio inayotafuta mawimbi. Mwambie mwanao aandike tarehe kila anapobandika unyoya, na kila Jumamosi ahesabu. Kurasa zikianza kubaki wazi atajua yeye kabla yako.